Kutoka Mombasa hadi Marafa kwa gari: vituo vya kiangazi, siku tatu

Kila Disemba ikikaribia, ndugu na marafiki wa bara hunipigia simu, na maswali ni yale yale. Tuanzie wapi? Siku tatu zinatosha? Gari ndogo itafika? Na hili hunijia kila mwaka bila kukosa: mbona tulikwenda Watamu tukaambiwa kuna fungu la mchanga katikati ya bahari, tukafika tusione hata chembe?

Swali hilo la mwisho ndilo linalobeba mengine yote. Mgeni hupanga safari ya pwani kwa kuhesabu kilomita, na kilomita zenyewe si nyingi: Mombasa hadi Malindi ni kama 120, lami mwanzo hadi mwisho. Kinachomharibia siku ni maji. Mahali ambapo saa nne asubuhi watoto wanakimbia juu ya mchanga mweupe, saa kumi jioni pana kina cha kumzamisha mtu mzima. Kwa hiyo katika mwongozo huu nitakwambia mara kwa mara ufike wapi saa ngapi, na sababu itakuwa bahari.

Nadharia unayohitaji ni hii tu. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika kidogo, na kila siku mambo huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti yake ikipita mita tatu. Katikati ya hapo ni maji mafu, bahari inasogea kidogo tu.

Uwe na nini kabla ya kuondoka

- Gari zima. Gari ndogo ya kawaida inatosha hadi Malindi. Kwa Marafa, lile bonde la kuta za rangi upande wa bara tutakalomalizia, barabara ni ya murram, kwa hivyo gari lililoinuka kidogo ni bora.
- Gurudumu la akiba lenye upepo, jeki na spana yake. Vitoe buti uviangalie kwa macho yako. Mwaka mmoja tulikodi gari lenye gurudumu la akiba zuri kabisa lakini halina jeki, na tulilijua hilo tukiwa kando ya mashamba ya mkonge ya Vipingo, jua la saa saba likiwa utosini, na mama mzee kiti cha nyuma.
- Kitambulisho cha kila mtu mzima. Makumbusho na hifadhi za bahari zina bei ya raia, ya mkaazi na ya mgeni. Bila kitambulisho huenda ukatozwa ile ya juu.
- Simu yenye M-Pesa na akaunti ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Malipo ya hifadhi na makumbusho siku hizi hupitia huko. Fungua akaunti nyumbani, maana mtandao wa langoni si wa kutegemea.
- Noti ndogo ndogo za pesa taslimu, kwa waongozaji wa vijijini, madafu na korosho.
- Viatu vya mpira vya kuingilia majini, kimoja kwa kila mguu utakaokanyaga bahari.
- Leso mbili. Utajifunika mabega mitaani na kwenye magofu ya misikiti, utakalia mchangani, utamkaushia mtoto.
- Kofia, na maji ya kunywa mengi kuliko unavyodhani. Joto la Januari huku hubeba unyevu, na mtu hukauka bila kujijua.
- Ratiba ya maji. Halmashauri ya Bandari ya Kenya hutoa jedwali la Kilindini, na programu za simu zipo. Ukikosa vyote viwili, muulize mvuvi yeyote ufukweni. Atakujibu bila kutazama popote.

Hatua 1: Chagua siku kwa mwezi

Kiangazi chetu ni msimu wa kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi. Upepo hutoka kaskazini mashariki, mvua ni haba, na bahari ya Januari na Februari hutulia. Wiki ya Krismasi epuka kama unaweza, kwa sababu vyumba huadimika na foleni ya Mtwapa hukufunza subira.

Ndani ya msimu huo, mimi hupendelea kuanza siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama. Wengi hupenda mwezi mpevu kwa uzuri wake, na siwalaumu. Lakini siku za kiza zina faida mbili kwa pamoja. Ni bamvua, kwa hiyo mafungu ya mchanga hujitokeza vizuri, na usiku ni mweusi, kwa hiyo utaona maji ya Kilifi yakiwaka. Nitalieleza hilo tukifika.

Siku hizo za bamvua, maji hupwa kabisa kuelekea saa nne au saa tano asubuhi na kujaa kuelekea saa kumi au kumi na moja jioni. Tuseme siku ya kwanza yamepwa saa nne kamili. Siku ya pili itakuwa saa tano kasoro dakika kumi, na ya tatu saa sita kasoro dakika ishirini. Andika saa hizo kwenye karatasi na uibandike mbele ya dereva.

Hatua 2: Mombasa, asubuhi mapema

Anza tumbo likiwa na mahamri na mbaazi, kisha uwe Fort Jesus lango likifunguliwa. Wareno waliijenga ngome hii kati ya 1593 na 1596. Waomani wakaizingira Machi 1696, na ilichukua hadi Disemba 1698 kuitwaa. Tangu 1895 hadi 1958 ilikuwa jela. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Saa moja na nusu inatosha, kisha tembea Mji wa Kale kwa miguu. Tazama milango na baraza, na unywe kahawa chungu.

Kosa la kawaida ni kutaka kuimaliza Mombasa yote asubuhi hiyo. Haiishi. Saa tano uwe umevuka daraja la Nyali.

Mwenye watoto asimame Bamburi, Haller Park. Mahali hapa palikuwa machimbo ya mawe ya saruji, jangwa tupu, na kuanzia 1971 René Haller akapapanda mivinje hadi pakawa msitu. Hapa ndipo alipoletwa Owen, kiboko mchanga aliyeachwa peke yake baharini karibu na Malindi wakati wa tsunami ya Disemba 2004, akajiambatisha na kobe mkongwe aitwaye Mzee. Wasimulie watoto kisa hicho mapema, kwa sababu siku ya tatu mtapita mtoni alikotoka kiboko huyo.

Hatua 3: Jumba la Mtwana

Ukivuka daraja la Mtwapa, anza kutazama kibao upande wa kulia. Magofu haya ni ya mji wa karne ya 14, na watu wakauhama mapema karne iliyofuata. Wanaokwenda Gede, magofu tutakayoyafikia siku ya pili, huona hakuna haja ya kusimama hapa, nami siafikiani nao hata kidogo. Gede imefichwa msituni, ilhali Jumba limekaa ufukweni, na msikiti wake unaitazama bahari. Ukisimama kwenye kibla chake chini ya mibuyu unasikia mawimbi. Kaburi la karibu limeandikwa aya ya Kurani isemayo kila nafsi itaonja mauti.

Jistiri, hata kama paa halipo. Usipande kuta kwa ajili ya picha. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, na kila mguu huondoka na kipande.

Hatua 4: Kilifi, na maji yanayowaka

Kutoka Mombasa hadi Kilifi ni kilomita 60 hivi. Ukikaribia mji punguza mwendo darajani. Daraja hili lilifunguliwa 1991, na kabla yake watu walisubiri feri huku wakinunua korosho. Feri imekwenda lakini korosho zimebaki. Onja kwanza, kisha ndipo ununue. Usisimamishe gari juu ya daraja kupiga picha. Kila mtu hutamani, na malori hayana pa kukukwepea.

Ukifuata saa nilizokupa, utafika kama saa kumi na moja jioni, maji yakiwa bado juu na hori lote, ule mkono wa bahari ulioingia bara, limejaa. Ogelea sasa hivi, usingoje kesho. Asubuhi maji yakipwa, kingo za hori zina tope la kufika magotini.

Usiku, tafuta mwenye mashua atakayewatoa katikati ya hori kuanzia saa moja na nusu. Mkono ukitiwa majini unatoka na cheche za buluu. Ni vijidudu vidogo sana vya baharini vinavyotoa mwanga vikiguswa. Nimelala Kilifi mara nyingi na bado hunyamaza kila nikiona jambo hilo. Mwezi mpevu huufuta mwanga huo kabisa, na hiyo ndiyo sababu ya Hatua 1. Kubalianeni bei kabla ya kupanda, na hakikisha kila mtu amevaa jaketi la kuokolea, hata anayejua kuogelea.

Hatua 5: Mnarani, kisha msitu, kisha Gede

Asubuhi ya siku ya pili nenda Mnarani, upande wa kusini wa hori. Ngazi ni nyingi, kwa hivyo mzee mwenye magoti mabaya apitie njia ya juu. Utaona magofu ya misikiti, kaburi la mnara, na mbuyu mkubwa ajabu. Saa moja inatosha.

Baada ya hapo ni mwendo wa kilomita 45 hivi hadi Gede, na sehemu kubwa ya mwisho upande wa kushoto ni msitu wa Arabuko-Sokoke, takriban kilomita za mraba 420. Ni kipande kikubwa kuliko vyote vilivyobaki vya msitu mkavu wa pwani ya Afrika Mashariki. Wanaishi humo bundi mdogo wa Sokoke na sengi, mnyama mdogo kama panya mwenye pua ndefu, huyu akiwa na kiuno cha rangi ya dhahabu. Ili uwaone yafaa ulale karibu na kuingia alfajiri na mwongozaji. Kwa safari ya siku tatu, ridhika na kufungua madirisha.

Gede ifikie kati ya saa tano na saa nane, wakati jua ni kali, kwa sababu miti yenyewe ni mwavuli. Mji ulianza karibu karne ya 12 na watu wakauacha karne ya 17. Kuna kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza mji huu kwenye urithi wa dunia. Chukua mwongozaji, hapa usibane senti. Bila yeye utaona kuta tu. Akiwa nawe utajua kwamba nyumba zimepewa majina ya vitu vilivyochimbuliwa humo, Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, na ya ushanga kutoka Venezia. Utaoneshwa visima, vyoo, na mashimo ya kuhifadhia maji, ukaelewa kwamba walioishi hapa walikuwa wastaarabu wenye biashara na China na India kabla Mreno hajakanyaga pwani hii. Mimi ni mtoto wa pwani, na nilitembea Gede mara ya kwanza nikiwa mtu mzima. Peleka watoto wako mapema zaidi.

Tahadhari ni kima. Wamezoea watu, na mkoba wenye ndizi watauchukua mbele ya macho yako. Usiwalishe, hata ukishawishiwa.

Hatua 6: Mida jioni

Kutoka Gede, hori la Mida ni karibu. Upande wa Dabaso wenyeji wamejenga njia ya mbao inayopita juu ya mikoko hadi ukingoni, na wanauza sambusa za kaa. Fika saa kumi na nusu. Maji yatakuwa yanajaa au yamejaa, kwa hivyo mtumbwi unaweza kupenya kati ya mikoko, na jua litazama mbele yenu, juu ya maji. Pwani yetu inatazama mashariki, kwa hiyo mahali pa kuona jua likizama majini ni pachache. Hapa ni pamoja.

Mpenzi wa ndege aje mapema zaidi: maji yakiwa ndiyo yanaanza kujaa, wakati tope linaanza kufunikwa na ndege wanasogezwa karibu. Yakishapwa kabisa, ndege wako mbali na mtumbwi hauendi.

Lala Watamu.

Hatua 7: Watamu, kwa saa ya bahari

Hapa ndipo karatasi uliyobandika inapofanya kazi. Bahari ya Watamu ni hifadhi tangu 1968, miongoni mwa za kwanza barani. Lipa ada kabla, kisha zungumza na nahodha usiku uliotangulia, umuulize swali moja: “Kesho maji yanapwa saa ngapi, na tutoke saa ngapi?” Akikuambia saa yoyote ni sawa, tafuta mwingine.

Kwa mfano wetu, maji yanapwa saa sita kasoro dakika ishirini, kwa hivyo mafungu ya mchanga yataanza kuonekana kuanzia saa nne hivi. Toka kama saa tatu, tazama samaki na matumbawe, kisha malizia kwenye mchanga.

Makosa ninayoyaona kila mwaka:

- Kutembea juu ya matumbawe. Ni viumbe hai, na ulichokivunja kwa hatua moja hakitarudi kabla ya wajukuu wako. Isitoshe, mashimo yake yana vidude vya miiba mirefu myeusi, na mwiba wake ukiingia unakatikia ndani.
- Kwenda mbali kwa miguu maji yakipwa na kusahau kurudi. Maji hayaji mbele tu kama unavyotarajia. Hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yako, na ukigeuka unakuta mto kati yako na ufuo. Maji yakigeuka tu, nawe geuka.
- Kuokota makombe na kiti cha pweza, yule kiumbe mwenye umbo la nyota. Ndani ya hifadhi ni kosa la sheria. Usinunue pia kwa wanaouza njiani.

Hatua 8: Malindi na Marafa

Ondoka Watamu saa saba. Malindi si mbali, na chakula cha mchana ni juu yako: wali wa nazi na samaki wa kupaka, au pitsa, kwa kuwa Waitaliano wamekaa hapa miaka mingi na wanajua kuipika. Nenda kwenye nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika Malindi Aprili 1498. Msalaba wake ni wa jiwe lililoletwa kutoka Ureno. Mahali penyewe ni padogo, dakika ishirini zinatosha, na mandhari ya ghuba ndiyo yatakayokukalia moyoni.

Saa tisa na nusu uwe barabarani kuelekea Marafa. Utavuka daraja la mto Sabaki. Waoneshe watoto, hapa ndiko kwao Owen. Kisha njia inaacha bahari na kuingia bara, murram na vumbi jekundu.

Marafa ni bonde lililochongwa na mvua na upepo, kuta zake nyeupe, waridi, chungwa na nyekundu. Wenyeji huliita Nyari, mahali palipovunjika penyewe. Mwongozaji wa kijiji atakusimulia kuhusu tajiri na jamaa yake waliooga maziwa huku majirani wana njaa, hadi ardhi ikawameza. Fika saa kumi na moja kasoro. Mchana wa saa sita chini ya bonde ni tanuri, na rangi zote zinafifia. Jua likilala, kila ukuta unabadilika, na hapo ndipo utajua kwa nini nimekuleta mbali na maji.

Tatizo ni kurudi. Sheria yangu ni kutoendesha usiku: kuna bodaboda zisizo na taa, ng'ombe, na matuta yasiyochorwa rangi. Kwa hiyo kwa kipande hiki kodi gari na dereva mwenyeji wa Malindi, uliache lako hotelini. Gharama yake haizidi uchungu wa kuvunja springi gizani.

Mambo yakienda kombo

*Siku zako zimeangukia maji mafu.* Safari haijaharibika. Mafungu ya mchanga yatakuwa madogo au yasionekane, lakini mikondo si mikali na kuogelea ni rahisi zaidi. Ongeza muda wa magofu na msitu.

*Saa za maji hazilingani na mpango wangu.* Badilisha mpangilio wa Mida na Watamu. Viko jirani, unaweza kuvipindua asubuhi kwa jioni.

*Mtu amechomwa na miiba ya baharini.* Usiikune wala kuipiga. Tumbukiza mguu kwenye maji ya moto anayoyavumilia, ondoa inayotoka kwa kibanio, na umpeleke zahanati ikiwa imeingia ndani au karibu na kiungo.

*Foleni imetukamata Mtwapa hadi saa nane.* Ruka Jumba, uende moja kwa moja Kilifi. Jumba utaliona ukirudi. Hori lililojaa kabla ya giza halitakungoja.

*Tunataka kufika hadi Lamu.* Lamu ni safari yake yenyewe. Kutoka Malindi hadi Mokowe ni zaidi ya kilomita 200 nyingine, kisha unapanda boti, na barabara hiyo huwa na masharti ya usalama ambayo lazima uyaulizie kabla. Usiibane ndani ya siku tatu.

*Bahari ya Malindi ni ya rangi ya chai, tumedanganywa?* Hapana. Hilo ni tope la Sabaki, na kaskazi hulisukuma kuelekea mjini. Ogelea Watamu badala yake. Na mto huo, ukiupanda hadi juu, unaitwa Galana, na juu zaidi unaitwa Athi, ule unaopita karibu na Nairobi. Ndugu zangu wa bara, udongo mnaouona hapo ni wa mashamba yenu, umetangulia kufika pwani.